Watu wa Kukimbilia Juu

Nchi yangu, Burundi, imekunjamana kama shati lililolala begini mwaka mzima. Bahari haipo. Tambarare ni kidogo tu kando ya ziwa, na hiyo viboko wameshaichukua. Sisi wengine tunaning'inia. Naapa nimeona mbuzi wakila huku wameegemea mlima kama walevi ukutani. Ukimwuliza mtu kwao ni wapi, anakutajia kilima chake.

Chini ndiko kwenye kifo. Mto Rusizi ulijaa mamba wanene kuliko magogo, na kiboko mmoja alimkamata baba yangu mdogo kiunoni, akamtikisa kama kitambaa cha kufutia meza. Tulizika miguu. Basi kila mtoto wa kwetu alifundishwa: ukisikia kelele, panda. Usigeuke, usiulize, panda.

Nilikuja na hayo mpaka Alexandra, hapa Johannesburg, nikafungua kibanda cha ushonaji karibu na mto. Jumamosi moja asubuhi ikaja kelele: wanaume wakiimba, mabati yakipigwa, wageni watoke. Bibi wa Kizulu aliyetupangisha, ambaye sote tulimwita gogo, yaani nyanya kwa lugha yao, akatoka mbio.

"Eish, shukeni mtoni! Wamejaa barabarani kule juu!"

Tulimsikia vizuri kabisa. Lakini mke wangu naye ni wa vilima vilevile.

"Papa, tupande!"

"Panda, mama, panda!"

Tukapanda kama tumerushwa kwa manati, moja kwa moja hadi mikononi mwao. Walikuwa elfu kumi. Haya, watu ishirini tu, lakini wenye mapanga na nondo. Mmoja akacheka: "Hawa wamejileta wenyewe!" Nondo ikashuka kwenye mkono wa mke wangu, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Nikamrukia mwenye nondo, nikamng'ata sikio, nikatema kipande. Wakanipasua kichwa. Damu ikaniziba macho.

Aliyenishika ukosi na kunivuta ni mke wangu, kwa mkono uliobaki mzima.

"Chini!" akapiga kelele. "Papa, chini!"

Tukabiringika vichochoroni, mawe yakitupiga migongoni, hadi tukavuka yale maji ya mto yanayonuka.

Mkono uliunga ukiwa umepinda. Sasa tunapanga Midrand. Siku tuliyohamia, kabla sijashusha godoro, mke wangu alikuwa ameshagonga kwa jirani:

"Dada, samahani. Watu wakija na fimbo hapa, ninyi hukimbilia wapi?"