Mguu Wangu Kwenye Breki

Mafuta ya breki yana harufu yake. Si makali kama dizeli, wala hayana uzito wa oili chafu. Yana utamu fulani unaochefua, kama samaki aliyehifadhiwa pamoja na sukari. Majuzi nilikuwa napita mbele ya gereji moja hapa Vwawa, kijana akaangusha kopo zima karibu na miguu yangu. Aliniomba radhi, nikamwambia hakuna shida. Nikatembea hatua chache, kisha ikabidi nitafute mahali pa kukaa. Sijawahi kumweleza mtu wa pembeni sababu yake. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, na tulikaa Tunduma, nyuma ya barabara kuu, ambako malori ya kwenda Zambia hupanga foleni kutwa nzima. Baba yangu alikuwa dereva wa magari ya watu. Gari lake mwenyewe, ambalo hakuwa nalo, alilizungumzia kama mtoto aliye safarini. Mwaka ule akauza shamba la kahawa la Iyula aliloachiwa na babu, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akarudi akiendesha lori dogo la bluu.

Lilikuwa limetumika sana. Kiti cha dereva kilishabonyea kwa umbo la mtu mwingine, na honi yake ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mimi nililipenda papo hapo. Siku mbili za kwanza nilishinda ndani yake, injini imezimwa, nikaenda Mbeya na kurudi labda mara ishirini, abiria wangu wakiwa kuku wa mama.

Mama hakulishangilia. Alisema tu kwamba kabla halijabeba kitu, kaka yake alikague. Huyo ndiye mjomba Amoni, fundi mwenye jina, mtu mpole ambaye hata akiwa amelala chini ya gari alizungumza kama yuko kanisani.

Alikuja Jumamosi asubuhi, mawingu yametanda. Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Alifungua rejeta, akachungulia. Aliwasha injini, akaegemeza bisibisi ndefu juu yake na kutega sikio kwenye mpini, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kila kasoro aliyoiona aliitaja taratibu, na kila alipotaja, Baba alijibu haraka zaidi. Chesisi iliwahi kukatika, ikaungwa na kufichwa kwa rangi. Baba akasema magari yote ya huko ndivyo yalivyo. Giaboksi ilinguruma; Baba akasema ni baridi. Nilimwona Mama akiacha kuchambua maharage na kuingia ndani.

Zikabaki breki. Mjomba alitandika kipande cha turubai, akajisukuma chini ya lori, akaomba mtu wa kukanyaga breki ili aone kama mabomba yanavuja. Baba alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa lori. Angeweza kupanda yeye. Badala yake alinishika kwapani akaninyanyua.

"Enesi anatosha," alisema.

Mjomba akanielekeza kutoka chini: nikanyage mpaka igome, kisha nishikilie. Ikikaa nimwambie imekaa, ikizama, ndiyo dalili ya ubovu, nimwambie inazama.

Nilikanyaga kwa uzito wangu wote, mikono nimeng'ang'ania usukani. Ikagoma. Kisha, chini ya kandambili yangu, ikaanza kwenda. Haikwenda kwa kasi. Ilizama polepole, kama mguu unavyozama kwenye tope la shambani.

Niligeuka. Uso wa Baba ulikuwa dirishani, karibu kabisa na wangu. Macho yale nilikuwa nimeyaona kwake mara moja tu, siku tulipomzika babu.

"Vipi, imekaa?" Mjomba akauliza.

"Imekaa," nikasema.

Mvua ikaanza. Mjomba alitoka chini akasema afadhali aikanyage mwenyewe ahakikishe. Baba akasema mahindi ya watu yanalowa Iyula, na mtoto ameshajibu. Mjomba akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikatikisa kichwa kukubali. Akafuta mikono.

Jumatatu waliondoka pamoja, kwa sababu Mjomba alitaka kuisikiliza ile giaboksi njiani. Wakati wa kurudi, lori limejaa mahindi, wakateremka mlima kuelekea darajani, na pedali ikaenda mpaka sakafuni. Baba akaligongesha lori kwenye ukingo wa barabara ili lisimame. Upande wa kushoto, alikokaa Mjomba, ndio uliopokea kishindo chote. Baba alitoka na michubuko ya paji la uso. Mjomba walimkata mguu juu ya goti.

Watu walisema fundi alilikagua yeye mwenyewe. Wakaacha kumletea magari. Kibaya zaidi ni kwamba hata yeye alisema hivyo. Nilimsikia akimwambia Mama, nami nimesimama nyuma ya mlango na birika la chai: "Niliacha kuhakikisha, dada. Kosa ni langu." Nilisubiri chai ipoe kabla ya kuingia. Baadaye alihamia Iyula, akawa anatengeneza pampu za kupulizia dawa ya kahawa akiwa amekaa kwenye kigoda barazani. Baba akarudi kuendesha magari ya watu.

Nilinyamaza miaka mingi. Baba alipougua nilimleta kwangu Vwawa, na mchana mmoja, nikiwa namlisha uji, nikamwambia kwamba ile breki ilizama na nilidanganya. Alimeza kwanza.

"Nililiendesha kutoka Nakonde, Enesi. Unadhani mguu wangu haukuisikia?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinipandisha mimi.

"Mimi shemeji angenisoma usoni. Wewe angekuamini."

Hakulia, wala mimi sikulia. Nilimalizia kumlisha uji.

Tulipokwisha kumzika Baba nilikwenda Iyula. Mjomba alinisikiliza huku akiendelea kukaza nati ya pampu, kisha mkono ukasimama. Aliuliza kitu kimoja tu: baba yako alijua? Nikamwambia alijua. Akaomba nimpe magongo yake, akajikokota mpaka kwenye mistari ya kahawa, akasimama huko akinipa mgongo kwa muda mrefu. Aliporudi aliniuliza siku ile nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema tisa. Akairudia mwenyewe, tisa, akaketi, akaivuta pampu.

Utotoni niliamini kwamba siku ile niliulizwa habari za breki, nikajibu uongo, basi kosa likawa langu lote. Leo nina binti wa umri ule ule. Nikimtuma dukani, hurudi akinitazama usoni kwanza kabla ya kusema amepata au amekosa, ili ajue lipi nitalipokea. Huwa nageuza uso wangu pembeni, na kumwacha aseme.