Mama Justa na Wimbo wa Bujiku

Scolastika, ambaye Ibadakuli nzima ilimwita Mama Justa, hakuumbwa kukaa kitako. Alikula amesimama, alisali huku akichungulia dirishani, na ukimkaribisha kiti alikishika mgongo tu, kama anayekishikia mtu mwingine. Bustani yake ilikuwa bondeni, na humo alipanda nyanya za aina tatu. Kulikuwa na manimeka, za mviringo na ngozi ngumu, ambazo wapishi wa mjini walizigombea. Kulikuwa na maglobu, kubwa, nzuri kwa macho, ila zenye haraka ya kuoza. Halafu zile za kienyeji, zenye mikunjo begani, ngozi laini kiasi kwamba ukizitazama vibaya zinapasuka. Hizo za mwisho ndizo alizozipenda. Hakuna aliyezinunua, kwa hiyo alizila yeye, kwa chumvi siku ilipopatikana, akiwaona watu wote wa Shinyanga kuwa hawana ulimi. Simlaumu. Nimezionja.

Mwaka 1981 alimpata kibarua wa kumtekea maji kisimani, mwanamume wa miaka arobaini hivi kutoka Mhunze, jina lake Bujiku, mpole mpaka anakera. Alikuwa na gitaa kavu la nyuzi tano, mmojawapo waya wa breki ya baiskeli, na nyimbo alizitunga mwenyewe. Ukimwomba aimbe, alikohoa. Ukimwacha na debe lake, aliimba mpaka matuta yote yalowe. Siku moja aliimba huu:

Mvua imepita Mhunze,
kwetu imetuma salamu.

Scolastika aliacha kupalilia. Alilia, akasingizia vitunguu, na vitunguu hakuwa amepanda.

"Bujiku, huo ni wa nani?"

"Wangu, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nani mwingine anaujua?"

Bujiku alifikiri. "Wewe, sasa."

Tangu hapo Scolastika hakupata raha. Mtu ana wimbo kama ule, na dunia inamwona mbeba maji! Aliusimulia kwa jirani, kwa padri, kwa kondakta wa basi. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza bei ya manimeka. Mbaya zaidi, Bujiku akasema shemeji yake amepata duara huko Geita, yaani shimo la dhahabu, na msimu ukiisha atamfuata.

"Ukifukiwa?" Scolastika aliuliza.

"Watanifukua."

"Na nyimbo? Nazo watazifukua?"

Bujiku alikohoa.

Wiki hiyo hiyo zikaja habari kwamba gari la redio la kurekodi muziki lingefika mjini Jumatano. Scolastika alikwenda kwa afisa utamaduni mbio mbio, na udongo wa bustani miguuni. Afisa akamweleza kwa upole kwamba wanaorekodiwa ni vikundi tu. Mtu mmoja na gitaa lake hayumo kwenye utaratibu.

"Sisi ni kikundi," Scolastika akasema.

"Kikundi gani?"

"Cha wakulima wa nyanya."

Akapewa fomu. Aliijaza pale pale, amesimama, kalamu ikikimbia kuliko mawazo. Jina la kikundi: Wakulima wa Nyanya Ibadakuli. Kiongozi: Scolastika. Idadi ya wanakikundi: watatu. Kisha akaenda kumtafuta muuza nyanya mwenzake, Apolonia, ili watatu watimie.

Jumatano Bujiku aliimba vizuri kuliko siku zote, kwa sababu Scolastika alimgeuza aelekee ukutani na kumwambia ajifanye anatazama kisima. Apolonia na yeye waliitikia. Fundi wa mitambo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga kanda. Scolastika alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Siku ya Jumamosi Bujiku alipanda lori la Geita.

Miezi miwili ilipita. Jioni moja Mzee Hatibu, mwenye duka, aliyekuwa ameanika betri za redio juani kutwa nzima ili zipate nguvu, alimwita Scolastika kwa sauti. Watu wakajaa barazani. Mtangazaji akasema: "Sasa tuwasikilize Wakulima wa Nyanya wa Ibadakuli, wakiongozwa na Bibi Scolastika, katika wimbo wao." Ikafuata mvua ya Mhunze, beti zote tatu. Watu wakapiga makofi. Mzee Hatibu akampa mkono.

"Hongera, Mama Justa. Kumbe unatunga!"

Scolastika akaikumbuka fomu. Kwenye fomu ile hakuliandika jina la Bujiku popote. Hakulisahau kwa ubaya. Alikuwa na haraka, basi. Na haraka yake ndiyo iliyomfuta mtu.

"Si wangu! Ni wa Bujiku!"

"Nani?"

"Aliyekuwa ananitekea maji."

Wakacheka. Mama Justa bwana, na mizaha yake.

Alirudi kwa afisa. Kanda ilishakwenda Dar es Salaam. Aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Wimbo ukapendwa, ukaimbwa kwenye pamba na kwenye foleni za sukari, na kila aliyeuimba alimpungia yeye mkono. Ndipo akajipa adhabu. Aliacha kuuza manimeka na maglobu, akaleta sokoni za kienyeji peke yake, na mteja hakupewa fungu mpaka ajibu swali: "Mvua imepita Mhunze ni wa nani?" Ukisema Bujiku, unapata. Usiposema, nenda kwa Apolonia. Watu walisema kwa kucheka. Wakazipeleka nyanya nyumbani, wakazionja, wakarudi. Mwaka wa tatu hakuna aliyekumbuka swali. Walifika tu na vikapu na kusema, "Nipe Bujiku fungu mbili."

Mwaka 1986 alirudi Bujiku mwenyewe, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo. Alisimama asubuhi sokoni, pembeni ya meza ya Scolastika. Mama mmoja aliyekuwa mbele yake akasema, "Mama Justa, leo Bujiku zimeiva kweli."

Bujiku aligeuka kama aliyeitwa.

Scolastika alitamani ardhi impasukie. Akamwambia yote kwa pumzi moja, fomu, redio, barua, swali, akimshika mkono ule uliopungua. "Nilitaka wakujue, Bujiku. Nimekufanya nyanya."

Bujiku aliokota moja, akaing'ata, akala mpaka ikaisha.

"Wimbo bado wanaimba?"

"Kila siku. Wanasema ni wangu."

"Gitaa niliuza," alisema. "Kule chini hatukuimba. Mayu, ubeti wa tatu umenitoka. Unaanzaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Scolastika alivuta kigoda akaketi. Akamwimbia taratibu, mstari kwa mstari, naye akawa anafuata kwa sauti iliyokauka, akikosea, akirudia. Mama yule mnunuzi alisikiliza kidogo, akamgusa Bujiku begani.

"Jitahidi, baba," akasema. "Ukikaa na mwenye wimbo, utaujua tu."