Printa Iliyokula Mchana wa Ramadhani

Juzi printa ya ofisini ilikataa kuvuta karatasi, na vijana wa kompyuta wakawa wanaizima na kuiwasha tu. Niliwasogeza. Nilitoa karatasi zote, nikazipepeta, nikazirudisha. Ikachapa! Papo hapo pua yangu ikanusa omena, wale dagaa wa ziwani.

Hayo niliyajua utotoni kwenye saiba ya mama yangu, kibanda chake cha kompyuta na uchapaji, Kibera, mchana mmoja wa Ramadhani. Mvua ilikuwa imepiga mabati tangu asubuhi. Mama Akinyi, muuza omena wa mtaa wa Kisumu Ndogo, alisimama na beseni lake akingoja fomu ya binti yake ya kuingia sekondari.

"Mama Halima, saa kumi mwalimu anaenda!" alimhimiza mama, akimwita kwa jina langu.

Printa ilinguruma, ikagusa karatasi, ikaiacha.

"Mama, hata printa imefunga," nikasema. Nami nilikuwa na njaa, na sikuona ajabu mashine ya nyumba yetu kukataa kula kabla ya magharibi.

Leo najua ulikuwa unyevu, karatasi zilikuwa zimenatana. Mama alilijua hilo siku ileile. Alizitoa, akapitisha kidole gumba ukingoni hadi zikalia kama mbawa za kuku, akazirudisha.

Moja ikaingia. Fomu ikatoka ikiwa na joto bado. Mama Akinyi akapiga vigelegele, akaificha ndani ya leso, akatimua mbio matopeni.

"Imekula mchana!" nikalia.

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Si ilikuwa mgonjwa? Mgonjwa anaruhusiwa kula."