Chumba cha Mganga Mkuu

Muuguzi mmoja mrefu, wenzake wakimwita Twiga, alikuwa na kinyongo na mtu mmoja tu duniani: mganga mkuu wa hospitali aliyofanyia kazi. Kinyongo chenyewe alikilea kama mtoto.

Kilianza mama yake alipougua. Bibi yule alikuwa mcheshi wa kuvunja watu mbavu. Ghafla akaacha kula, akawa anashinda anautazama ukuta, machozi yakimtiririka bila sababu. Twiga akampeleka hospitalini. Mganga mkuu hakubandua macho kwenye simu.

"Uzee huo, dada. Mrudishe nyumbani akapumzike."

Bibi akasikia. Njiani akauliza, "Mwanangu, kwani nimeshakuwa mzigo?" Msimu ule ule wa mvua wakamzika.

Twiga hakupiga kelele. Alirudi chuoni, akasomea magonjwa ya akili ya wazee, na bodi ya hospitali ilipoamua kuanzisha kliniki ya wazee hao, mipango yote ikawa mikononi mwake.

Kikaoni, mganga mkuu akapendekeza kliniki iwekwe kwenye ile stoo ya ghorofani. "Wazee wenyewe hawana haraka," akatania. Wawili watatu wakacheka.

"Ngazi hawaziwezi, daktari," Twiga akasema taratibu. "Wanataka chumba cha chini, chenye mwanga, choo karibu, na nafasi ya ndugu kukaa. Kipo kimoja tu. Chako."

"Unanifukuza ofisini kwangu?"

"Nakupandisha juu. Stoo si umeisifia mwenyewe?"

Mwenyekiti wa bodi, ambaye baba yake alikuwa akipotea njia kila akitoka nje, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakafuata.

Siku ya kuhama, Twiga alisimama mlangoni, mikono kifuani, akimtazama bwana mkubwa anavyopanda ngazi na boksi lake, anahema. Angeweza kumpokea. Hakumpokea. Utamu wa kisasi aliusikia mpaka kwenye meno.

Alipokuja kuchukua boksi la mwisho, mganga mkuu akasita. "Ni kwa ajili ya mama yako, sivyo?"

"Unamkumbuka?"

"Hapana. Nimeambiwa tu."

Jibu lile likamwasha upya. "Basi kila asubuhi utapita hapa uwaamkie wazee, mmoja mmoja, na uwasikilize mpaka wamalize. Imo kwenye mpango. Bodi imeshapitisha."

Akamwita mgonjwa wa kwanza, fundi cherehani mstaafu aliyekuja ameshikwa mkono na mkwewe. Akamvutia kiti, kisha akaufunga mlango usoni pa mganga mkuu.