Ramani Iliyojirudisha

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili, hapa kwetu mjini Iași, alikuwa na sauti ndogo. Alizoea kuongea huku amebana pini midomoni, na hakukaa karibu na dirisha hata siku ya jua. Alikuwa amemkimbia mumewe, Dorin. Katika simu yake aliizima ile ramani iliyokuja nayo, kwa sababu ilimwonyesha Dorin kila mahali mkewe alipokuwa, akaweka nyingine isiyomwambia mtu yeyote yuko wapi.

Asubuhi moja mimi, jirani yake, nilimpelekea mkate wa jibini nikamkuta ameduwaa mbele ya cherehani. Simu ilikuwa imejisasisha yenyewe alipolala, ikaiondoa ramani aliyoichagua na kuiwasha tena ile ya mwanzo. Ujumbe wa Dorin ulikuwa umeshaingia: “Kumbe uko Iași! Mtaa mzuri, mke wangu.” Fundi akaipigia huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, akaweka spika nami nikasikia.

“Mama, ulikubali masharti,” mhudumu akasema.

“Niliyakubali lini, nami nilikuwa nimelala?”

“Toleo jipya huja hivyo, mama. Unaweza kuizima tena.”

“Na yeye nitamzima vipi?”

Fundi akakata simu. Tukasikia viatu vizito vikipanda ngazi. Akanikamata mkono, akaung'ang'ania mpaka vikatupita. Kisha akatia nguo chache kwenye mfuko, simu akaiacha mezani.

“Sasa unakwenda wapi, mdogo wangu?”

“Usiniulize, dada Viorica,” akanong'ona, akiutazama mfuko wa aproni yangu. “Hata wewe una simu.”