Rangi za Kope Siku ya Posa

Mimi darasa la tatu lilinitosha. Duka langu hapa Malaba nimelijenga mwenyewe, na mali feki hainipiti. Ndiyo maana juzi, mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliponiletea rangi za kope, nilimshuku mara moja.

"Mzee, hizi hazitoki hata kwa jasho," akasema.

"Wote husema hivyo. Lete."

Nikajipaka mwenyewe, jicho moja zambarau, jingine kijani, nikasugua kwa leso. Leso ikabaki safi! Nikachukua katoni nzima. Papo hapo simu ikalia: wageni kutoka Chakol wamefika kumposa binti yangu. Nikakimbia nyumbani vilevile, mjanja mimi.

Kila niliyemsalimia aliinamisha kichwa. Shangazi yao akanong'ona, mwenzake akaziba mdomo. Nikajua hawa wamebadili nia, wanatafuta njia ya kutoroka. Nikawakazia macho mmoja mmoja, nikafumba jicho moja kama ninavyowafanyia waongo dukani. Wakaanza kukohoa.

"Kama binti yangu hamumtaki, semeni!" nikafoka.

Mzee wao akajipangusa machozi. "Tunamtaka sana, boss. Ila tuambie, anayeolewa ni yeye ama ni wewe?"