Dawa ya Kumtuliza Mukaka

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, pale Bungulu mjini Beni, nilipojua kwamba mlozi huogopa maji. Sikufundishwa na mtu. Lilikuwa jambo linalojulikana tu, kama tulivyojua kwamba mvua ikinyesha barabara yetu haipitiki: mchawi akiguswa na maji ya asubuhi, yale aliyoyatenda usiku humuunguza ngozi, na lazima apige kelele. Nami nilikuwa na bibi aliyepiga kelele kila asubuhi akioshwa.

Tulimwita Mukaka, ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kinande. Alikuwa mama wa mama yangu. Alilima maisha yake yote upande wa Mutwanga, mwanamke wa mikono migumu na mzaha mwingi, mpaka alipoanza kupotea njia ya shamba lake mwenyewe. Hapo mama akamleta kwetu. Alikuwa anamwita mama "dada", na mimi ananiita kwa majina ya watu waliozikwa zamani. Majirani hawakuhitaji zaidi ya hayo. Mtu anayeongea na marehemu mchana kweupe, kisha maji yanamliza, wewe ungesema nini? Sisi tulisema.

"Ananivunja! Uyu mwanamuke ananivunja!" Mukaka alilia, huku mama akimshika kwapani ili amkalishe kwenye kigoda cha kuogea.

Mama Dorika, jirani yetu aliyekuwa na chumba cha maombi nyuma ya nyumba yake, alisimama kwenye ua wa miti akisikiliza.

"Mama Masika," alimwambia mama, "ii haiko ugonjwa. Bazee bengi banasahauka, mais lakini habaogope mayi."

Kelele zilikuwa zinaanza Mukaka anapoinuliwa kitandani, kabla hata tone moja halijamgusa. Nililiona hilo kwa macho yangu, na mama aliliona pia. Lakini mtu akishaambiwa ni maji, anasikia maji tu.

Mjomba Kambale, kaka yake mama, alikuwa anafanya kazi ya malori kule Kasindi mpakani. Siku aliyokuja hakukubali hata kuketi.

"Akiendelea vile, ninamurudisha Mutwanga, akae mu nyumba ya shamba. Hapa batatutupia mawe."

"Peke yake? Hajui hata kama amekula!"

"Donc basi, ufanye anyamaze."

Hivyo ndivyo maisha ya bibi yangu yalivyowekwa juu ya jambo moja: anyamaze. Mama yangu alilichukua jambo hilo kwa moyo wake wote, na mpaka leo nikilifikiria, moyo huo unaniuma kuliko mengine yote.

Siku moja Mukaka alipata homa kidogo, na mama akampa paracetamol. Muda si mrefu akamwosha, na kelele hazikutoka. Mukaka alikaa kwenye kigoda akayachezea maji kwa vidole, akatukana kidogo kwa Kinande, akacheka. Mama aliniita nije nione. Tuliangaliana tukacheka pia, sote watatu, sabuni ikimtiririka mzee usoni. Tangu hapo akawa anampa kidonge kabla ya kumwosha. Mama Dorika alipoulizwa alisema kidonge kinamlaza tu yule aliye ndani yake, hakimtoi. Mama hakujali kitu. Mzee alikuwa ametulia na mlango wetu haukuwa na watu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wanangu.

Miezi ilipita na maumivu yakazidi. Siku hizi nayaita maumivu; wakati ule tulisema ulozi umerudi. Kelele zilirudi, na mjomba naye akarudi. Tusimwone mtu mbaya: alikuwa anaogopa, na alimpenda mama yake kwa namna ya mtu anayeogopa. Alileta kutoka Kasindi pakiti ya vidonge vya rangi mbili, vile vya maganda, ambavyo watu wa malori wanameza kwa ajili ya mgongo.

"Ii iko nguvu," alisema. "Ata farasi inasimama."

Na kweli Mukaka alisimama. Alitembea mpaka mlangoni akishika ukuta. Alikaa na sisi akachambua maharagwe, na vidole vyake havikuwa vimesahau kazi hiyo hata kidogo. Mama alifurahi sana. Akampa asubuhi, mchana na jioni, akaongeza kimoja alfajiri kabla ya kumwosha, yaani kabla hajatia chochote tumboni. Na paracetamol juu yake, maana nayo ilikuwa imetusaidia.

Kisha Mukaka akaanza kusukuma sahani. Alishika tumbo, akanuna, akageukia ukutani. Mama alimuuliza kinachomuuma, akajibu habari za mbuzi wa baba yake. Nje ya ua lilitoka neno jipya: anakataa bugali kwa sababu usiku amekula kwingine.

Halafu choo chake kikawa cheusi, cheusi kama lami, na harufu ambayo sijawahi kuisikia tena. Mama aliogopa akamwita Mama Dorika. Mama Dorika aliangalia, akainua mikono.

"Njo ile yote alikulaka usiku! Inatoka! Mungu amejibu!"

Walikuja wanawake wakaimba uani kwetu. Kuku alichinjwa. Mama yangu alilia kwa furaha, akapiga magoti mbele ya kitanda akamwambia mama yake kwamba sasa amekuwa huru, na akampa tena dawa ili kazi imalizike. Mukaka alikuwa mweupe midomoni. Hakupiga kelele yoyote walipomwinua kumwosha, na wote walilitaja hilo kama ushuhuda.

Alikufa kabla ya Jumapili iliyofuata. Kwenye kilio hakuna aliyeshangaa. Walisema ulozi ukimtoka mtu aliyeishi nao muda mrefu, mwili hauna tena cha kuushikilia. Kwa hiyo kifo chenyewe kikawa ndicho kilichothibitisha kwamba alikuwa mlozi, na mama yangu alibaki mtoto wa mlozi mtaani mpaka tulipohamia Butembo.

Mama sasa ni mzee. Magoti yamemwisha, na kichwa kimeanza kumwacha kama kilivyomwacha mama yake. Mwaka huu nilimpeleka kwa daktari.

"Muzee mwenye kusahau, maumivu yake inatokea mu kelele," daktari aliniambia. "Paracetamol inaweza kumusaidia, mais kwa kipimo, hapana kuongeza juu ya kuona hajatulia. Zile dawa za nguvu za maganda, za mugongo, zinaweza toboa tumbo ya muzee, na figo pia. Na yeye hataweza kusema ni fasi gani inamuchoma. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje, umulete."

"Choo cheusi ni nini, dokta?"

"Ni damu."

Niliomba kiti. Daktari alidhani ni jua.

Nampa mama vidonge vyake kwa kipimo, naye ananiruhusu nimwoshe bila shida. Lakini ananiuliza karibu kila siku, sauti ya chini, kama mtoto: "Masika, mama yangu alikuwa mulozi?" Nikisema hapana, anauliza, "Donc nini ilimuua?" Kwa muda mrefu nilijibu ni uzee, na hakuniamini hata mara moja. Nilimwonea huruma. Niliona ni haki yake kumpata mama yake akiwa safi angalau kabla hajasahau kila kitu. Basi mchana mmoja nilimwambia ukweli wote, tumbo, damu, vidonge. Sikufikiria vizuri kwamba mkono uliovitoa ulikuwa wake.

Alilia mpaka jua likazama. Siwezi kumsafisha bibi bila kumchafua mama, na hakuna neno la tatu ninaloweza kumpa, nimelitafuta. Jioni alikuwa ameshasahau nilichomwambia, lakini machozi yalikuwa hayajakoma. Alinishika mkono.

"Masika," akauliza, "ni nani amekufa?"